Kwenda Kitzbühel kutazama mbio za Hahnenkamm: mwongozo kamili, kuanzia viza hadi ukingo wa Streif

Runinga huulainisha mlima. Ukitazama mbio za skii za Hahnenkamm ukiwa sebuleni, Streif, mteremko wa mbio hizo, inaonekana njia pana nyeupe inayoshuka kwa adabu hadi mjini, na wanaoipita wanaonekana hawapati taabu. Simama pembeni mwake chini ya Hausbergkante, ukingo wa kuruka ulio karibu na mwisho, ndipo utaelewa: sehemu ile huwezi hata kuipanda kwa miguu bila kushika kitu. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kufunga safari hadi Austria katika wiki ambayo Kitzbühel ina baridi kali, umati na bei za kutisha kwa pamoja. Mambo mengine yanayotangazwa sana, yaani watu mashuhuri, makoti ya manyoya na karamu za usiku, ukiyakosa hujapoteza kitu.

Mwongozo huu unamlenga anayetoka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, na pia ndugu aliyeko tayari Ujerumani, Uingereza au Muscat ambaye amechoka kutazama kwenye simu. Msimamo wangu nautaja mapema: lala nje ya mji, ingia kwa treni, na amua utasimama wapi mlimani kabla ya kuamua hoteli.

Mji wenyewe, kwa ufupi

Kitzbühel uko Tirol, magharibi mwa Austria, mita 762 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake ni kama 8,000 tu. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1271. Utajiri wake wa kwanza haukutokana na theluji bali shaba na fedha zilizochimbwa hasa katika karne ya 15 na ya 16. Zile nyumba ndefu za rangi rangi katika mitaa ya Vorderstadt na Hinterstadt zinasimama juu ya pesa ya migodi. Madini yalipofifia, mji ulidorora mpaka reli ilipofika mwaka 1875.

Halafu akaja Franz Reisch. Mwaka 1893 mkazi huyu, aliyekuwa ameagiza skii kutoka Norway, aliteremka nazo kutoka mlima wa Kitzbüheler Horn huku wenzake wakimshangaa. Baadaye walimchagua kuwa meya. Mbio za kwanza za Hahnenkamm zilifanyika mwaka 1931, na aliyeshinda mteremko alikuwa kijana wa hapohapo, Ferdl Friedensbacher. Njia ya Streif yenyewe ilianza kutumika mwaka 1937. Miaka ya 1950 mji huu mdogo ulitoa kundi zima la mabingwa, akiwemo Toni Sailer, ambaye katika Olimpiki ya Cortina ya 1956 alichukua dhahabu zote tatu za skii za mlimani kwa wanaume. Na ukipanda hadi nyumba ya malishoni iitwayo Seidlalm, katikati ya Streif, ujue kwamba ndipo wazo la Kombe la Dunia la skii lilipojadiliwa Januari 1966. Msimu wa kwanza ukaanza mwaka uliofuata.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Mbio hufanyika katika nusu ya pili ya Januari. Mpangilio uliozoeleka ni huu: mazoezi rasmi ya mteremko kati ya Jumanne na Alhamisi, Super-G (mbio za kasi zenye kona nyingi zaidi) siku ya Ijumaa, mteremko mkuu (kwenye mabango utauona kama Abfahrt) siku ya Jumamosi, na slalomu (kupindapinda kati ya vijiti) siku ya Jumapili. Ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka, na hali ya hewa nayo huipangua, kwa hiyo thibitisha kwa waandaaji, Kitzbüheler Ski Club, kabla ya kulipia chochote.

Kila mtu anataka Jumamosi, na makumi ya maelfu huipata. Kama ni mara yako ya kwanza, mimi ningekushauri uje Alhamisi au siku yoyote ya mazoezi, ubaki kwa Ijumaa, kisha Jumamosi uione ukiwa umeshaijua njia. Siku ya mazoezi washindani ni walewale, mlima ni uleule na kasi inakaribiana, kwani kanuni inamtaka kila mshindani ashuke angalau mara moja katika mazoezi ndipo aruhusiwe kushindana. Tofauti ni kwamba unaweza kuhama kutoka kona moja kwenda nyingine bila kusukumana. Kijana anayeshuka Streif kwa mara ya kwanza maishani mwake huwa anaishuka siku hiyo. Mtazame usoni akifika chini.

Familia yenye watoto iipe Jumapili kipaumbele. Slalomu huchezwa kwenye mteremko mfupi wa Ganslern, jirani kabisa na mwisho wa Streif, na kutoka sehemu moja unaweza kuona karibu njia yote.

Tiketi za kawaida ni za kusimama. Za majukwaani ni ghali na huisha mapema, wala sioni faida yake kwa mtu aliyesafiri kilomita elfu sita kuja kuona mlima: kutoka jukwaani unaona theluthi ya mwisho ya njia na skrini kubwa.

Hatua ya pili: viza, na kosa linalowagharimu wengi

Austria ni nchi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na halipaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ukitegemea hizo siku 15 unacheza kamari, maana uchunguzi unaweza kufika siku 45, na Desemba ofisi hufungwa kwa sikukuu. Kwa mbio za Januari, peleka makaratasi Oktoba au mapema Novemba. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya hapo halipi. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari ifike angalau euro 30,000.

Sasa jambo lenyewe. Watu wengi huruka hadi München (Munich) kwa sababu ndege ni nyingi na mji uko karibu, kisha wanaomba viza kwa Wajerumani kwa hoja kwamba ndiko ndege inakotua. Sivyo. Viza huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Austria usiku nne na München usiku mmoja, ombi ni la Austria, hata kama mguu wako wa kwanza utakanyaga Ujerumani. Ukilala München muda wote na kwenda Kitzbühel asubuhi na kurudi jioni, ombi ni la Ujerumani. Siku zikilingana, nchi unayoingilia ndiyo inayoamua. Panga vitanda kwanza, halafu ndipo uchague ubalozi. Austria ina ubalozi Nairobi. Aliye nje ya Kenya aangalie ubalozi huo unaelekeza wapi maombi ya nchi yake.

Aliyeko Oman au kwingine Ghuba kwa kibali halali anaombea hukohuko anakoishi. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza nyingine kwa safari fupi, ila abebe pasi na kibali vyote viwili: polisi hukagua treni kwenye mpaka wa Austria na Ujerumani, na picha ya pasi kwenye simu haitoshi. Anayeishi Uingereza kwa pasi ya Afrika Mashariki bado anahitaji viza.

Hatua ya tatu: kitanda na reli, vitu viwili visivyotenganishwa

Usijaribu kulala Kitzbühel wiki ya mbio isipokuwa pesa si tatizo. Reli imepita katika bonde lote, na hiyo ndiyo siri ya safari hii kuwezekana kwa mtu wa kawaida.

Ukitoka upande wa magharibi, treni hupita Wörgl, Hopfgarten, Westendorf, Brixen, Kirchberg, kisha Kitzbühel. Upande wa pili kuna Oberndorf na St. Johann in Tirol. Kirchberg na St. Johann ziko mwendo wa kama dakika kumi, kwa hiyo bei zake nazo hupanda. Wörgl, chini ya saa moja, ndiyo ninayoipendelea: ni mji wa kazi usio na mbwembwe, na treni za Innsbruck, Kufstein na Kitzbühel zote hukutana hapo. Kufstein ni pazuri zaidi kwa macho, pana ngome juu ya mto Inn. Innsbruck inakufaa kama unataka mji mkubwa wenye vitanda vya bei nafuu vya vijana, ila tenga zaidi ya saa moja kila upande.

Kuna vituo viwili unavyopaswa kuvitofautisha. Cha kwanza ni kituo kikuu cha Kitzbühel, ambacho kipo umbali wa kutembea kutoka mjini. Cha pili kinaitwa Kitzbühel Hahnenkamm, na kipo karibu kabisa na gari la waya na eneo la kumalizia mbio. Ukitoka Wörgl unaanza na Hahnenkamm. Ukitoka Salzburg au St. Johann unaanza na kituo kikuu. Treni za mikoa husimama vyote viwili, lakini treni za masafa marefu zinaweza kukipita kile kidogo, kwa hiyo soma ubao kabla ya kupanda. Wikiendi ya mbio shirika la reli, ÖBB, huongeza treni. Hata hivyo ondoka mapema: aliyepanga kufika saa 5 kamili kwa mbio za saa 5:30 ataisikiliza mbio akiwa kwenye foleni.

Kwa ndege, njia rahisi ni kupitia Istanbul, Doha au Dubai hadi München, kisha treni kupitia Kufstein na Wörgl, jumla kama saa mbili na nusu. Ethiopian hufika Vienna kutoka Addis Ababa, lakini Vienna iko upande mwingine kabisa wa nchi na treni itakula nusu siku. Innsbruck na Salzburg zina viwanja vya karibu, kwa nauli ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Gari la kukodi? Siku za mbio ni mzigo. Maegesho ni machache, barabara hufungwa, na sheria inadai matairi ya baridi tangu Novemba mosi hadi Aprili 15 kukiwa na hali ya theluji, pamoja na stika ya kulipia barabara kuu. Achana nalo.

Hatua ya nne: nguo

Mtu wa Nairobi asihofu urefu wa mlima. Kibanda cha kuanzia Streif kiko mita 1,665, karibu sawa na Nairobi yenyewe. Adui yako ni kusimama saa nne bila kusogea wakati kipimo kiko chini ya sifuri.

Baridi huingilia miguuni. Tafuta viatu vyenye soli nene yenye meno, vikubwa kidogo ili soksi ya sufu iingie bila kubana. Kiatu kinachobana hugandisha vidole hata kama ni cha bei mbaya. Vile vifuniko vya mpira vyenye vyuma vidogo vinavyovalishwa juu ya kiatu vinauzwa madukani huko kwa bei ndogo na vitakuokoa kwenye njia za pembeni, ambako theluji iliyokanyagwa na maelfu hugeuka kioo. Mwilini vaa tabaka: fulana ya ndani isiyo ya pamba (pamba ikilowa jasho haikauki), sweta, halafu koti lisilopitisha upepo. Kofia ifunike masikio. Glavu beba jozi mbili.

Kabla ya kununua mpya, pita Gikomba au Karume. Makoti ya skii huja kwenye mitumba kila mara na hayana wateja wengi, kwa sababu ambazo ni wazi. Kagua zipu na mishono ya mabegani. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri hufa haraka kwenye baridi, na tiketi ya treni iliyomo humo hufa nayo.

Hatua ya tano: usimame wapi

Hapa tukae kidogo. Streif ina urefu wa mita 3,312 na inashuka mita 860. Rekodi ni ya Fritz Strobl wa Austria, aliyeishuka mwaka 1997 kwa dakika 1 na sekunde 51.58, yaani wastani wa karibu kilomita 107 kwa saa, kona na yote. Hakuna sehemu hata moja ya kusimama inayoonyesha njia nzima, kwa hiyo unachagua kipande.

Juu kabisa ni Mausefalle, mtego wa panya. Mshindani hutoka kibandani, na sekunde chache baadaye ardhi inamtoroka chini ya miguu: mwinamo unafika asilimia 85, na anaruka makumi ya mita hewani. Kufika huko unapanda gari la waya la Hahnenkamm na kutembea kidogo. (Vibanda vya gari hilo vina majina ya mabingwa wa mbio, jaribu bahati yako kuona utapanda na nani.) Ukiwa juu unapata sauti ambayo runinga huifuta, chuma kwenye barafu, kama bati linaloburutwa juu ya saruji. Lakini mtu anakupita mara moja na kutoweka, na hali ya mbio huijui isipokuwa kwa spika.

Baada ya Mausefalle na kona kali ya Karussell ndiyo inakuja Steilhang. Wataalamu wa mbio hizi hutazama hapa kuliko pengine popote. Ni ukuta wa barafu unaolalia upande, na mwishoni mwake mshindani anatakiwa kutoka akiwa na kasi yote, kwa sababu kinachofuata, Brückenschuss na Gschöss, ni njia ya karibu tambarare ambayo hakuna namna ya kuongeza mwendo. Aliyefunga breki kidogo pale anaibeba hasara hiyo dakika nzima. Anayekataa kufunga breki hutupwa kwenye nyavu. Mwaka 2008 Bode Miller wa Marekani alitupwa hadi skii yake ikapanda uzio wa pembeni, akaendelea kama kwamba ndivyo alivyopanga, na akamaliza wa pili.

Seidlalm ni katikati. Ni pazuri kwa anayetaka kuona kwa utulivu: kuna kiasi cha kupanda kwa miguu kutoka chini, umati hupungua, na unawaona wakija kutoka mbali kidogo. Wenye magoti mabovu wasijaribu. Njia ya pembeni ni mlima mtupu.

Chini ndiko penye Hausbergkante, ukingo ambao washindani huruka kuingia kwenye theluthi ya mwisho. Wakitua wanakutana na bonde linalowakandamiza, halafu kona ya kushoto, halafu njia ya kukata ubavu wa mlima iliyojaa matuta, huku mapaja yameshaungua kwa dakika moja na nusu. Mwishowe wananyoosha Zielschuss kuelekea mstari kwa kasi inayoweza kuvuka kilomita 140 kwa saa. Michuano mingi ya hapa huamuliwa katika sekunde hizi ishirini na tano, na majeraha mengi pia.

Uchaguzi wangu kwa siku moja tu ni pembeni ya njia chini ya Hausbergkante, mahali ambapo bado unaona skrini kubwa ya uwanja. Ukiwa na siku mbili, ya mazoezi itumie juu, Mausefalle na Steilhang, na ya mashindano itumie chini.

Kaa nyuma ya uzio kila wakati. Nyavu nyekundu zimewekwa kumkamata binadamu anayekuja na kasi ya gari la barabara kuu, na zikimpokea hujinyoosha kuelekea ulipo wewe.

Hatua ya sita: kuisoma mbio

Mteremko na Super-G ni mshuko mmoja tu. Mwenye muda mfupi kashinda. Tofauti yao ni kwamba Super-G ina kona nyingi zaidi na hakuna mazoezi: washindani huikagua njia asubuhi kwa kuteleza polepole, kisha wanashuka kwa kukumbuka. Slalomu ni mishuko miwili. Thelathini bora wa mshuko wa kwanza huingia wa pili, na hapo huanza wa thelathini hadi wa kwanza, ndiyo maana mchana wa Jumapili kelele huongezeka kila dakika.

Kwenye skrini, muda wa kijani maana yake yuko mbele ya anayeongoza, nyekundu yuko nyuma. Angalia rangi inavyobadilika mara baada ya Steilhang na utaelewa niliyoyasema. Ile mistari ya buluu kwenye theluji ni rangi tu, imewekwa ili jicho lipate kingo za njia kunapokuwa na ukungu au kivuli.

Majina makubwa huteremka mapema, ndani ya namba 20 za kwanza au zaidi kidogo, na baada yao watu huanza kwenda kunywa. Usiondoke nao. Jua likipata mlima au barafu ikibadilika, mwenye namba ya nyuma huweza kuwashtua wote, na hata asiposhinda, kijana mwenye namba 50 anayefika chini salama anastahili watazamaji. Wa kukumbukwa zaidi hapa ni Didier Cuche wa Uswisi, aliyeshinda mteremko mara tano kati ya 1998 na 2012, akimpita Franz Klammer mwenye mara nne.

Ukungu, upepo au theluji nyingi huweza kushusha mahali pa kuanzia, kusogeza saa au kufuta siku. Soma masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kununua tiketi, na usipange ndege ya kurudi Jumamosi jioni.

Anayetazama kutoka nyumbani akumbuke saa: Januari Austria iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Mteremko wa saa 5:30 asubuhi huko ni saa 7:30 mchana Nairobi na Dodoma.

Kula, kunywa, kusali

Vibanda vya uwanjani vinauza soseji, na karibu zote zina nyama ya nguruwe, hata ile nyeupe ambayo muuzaji atakuambia ni ya ndama. Asiyekula nguruwe ategemee Käsespätzle, tambi fupi za mayai na jibini, na madonge ya jibini yaitwayo Kaspressknödel akiuliza kwanza kama supu yake ni ya nyama. Kaiserschmarrn ni chapati nono ya mayai iliyochanwachanwa na kupewa sukari na mchuzi wa tufaha; uliza kuhusu zabibu, kwa sababu mara nyingi huwa zimelowekwa kwenye ramu. Kinywaji cha moto cha Jagatee kina jina la chai na ni pombe kali. Kinderpunsch haina pombe. Maji ya bomba ni salama na matamu, jaza chupa yako bure.

Adhuhuri mwishoni mwa Januari huingia kama saa 6:25 mchana, katikati ya mbio, na Magharibi kama saa 11 jioni. Siku ni fupi. Chukua mkeka mwepesi na upange kabla.

Mjini penyewe saa mbili zinatosha. Pita kanisa la Mtakatifu Andreas na jirani yake lenye mnara mnene, kisha ingia makumbusho ya mji kuona picha za Alfons Walde, mchoraji aliyezipa theluji na wakulima wa bonde hili sura inayojulikana leo, na ambaye ndiye aliyebuni yule mbuzi wa milimani mwekundu unayemwona kwenye kila bendera.

Ukitaka kuvaa skii mwenyewe

Usijifunzie wiki ya mbio. Bei ya mwalimu na ya vifaa viko juu. Rudi Machi, au baki siku chache baada ya Jumapili umati ukiondoka. Chukua mwalimu, si rafiki. Anza kwenye miteremko ya wanaoanza, iliyotiwa alama ya buluu, na ujue kwamba Streif yenyewe nje ya mbio hufunguliwa kwa watu wa kawaida ikiwa na njia ya kuzunguka Mausefalle na Steilhang.

Bima uliyoipeleka ubalozini huenda haigusi skii. Isome. Helikopta ya uokoaji milimani ni gharama ya kumfilisi mtu, na nyongeza ya bima ni pesa kidogo. Namba za dharura: 140 kwa uokoaji wa milimani, 144 kwa gari la wagonjwa, 112 kwa lolote.

Na asije mtu akakuambia mchezo huu si wetu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, akakulia kwenye skii kwa sababu baba yake wa kambo aliendesha lifti ya kupandisha watelezaji, na mwaka 2018 alishindana Olimpiki ya Korea Kusini akiwa na bendera ya Kenya kifuani.

Kutoka

Jumamosi baada ya mbio watu wote hutaka treni ileile. Una njia mbili: ondoka mara tu baada ya namba 30 kushuka, au kaa hadi washindi wapewe zawadi, ule, na upande treni ya saa mbili usiku. Katikati ya hapo ni kusukumana jukwaani na walevi. Ukitoka kuelekea Wörgl, tembea hadi kituo kikuu badala ya kupandia Hahnenkamm. Treni hufika kituo kikuu kwanza, na bado ina viti.